Swali la Maji Kabla ya Msingi: Mafunzo Niliyopata Mpanda

Aliyeondoka Mpanda miaka 15 iliyopita akirudi leo atauliza njia. Mji huu ulianza kama kituo cha mwisho cha reli iliyochepushwa kutoka Kaliua wakati wa utawala wa Mwingereza, kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Sensa ya mwaka huo iliukuta mkoa una watu 564,604. Sensa ya 2022 ikaukuta una watu 1,152,958. Mpanda yenyewe, ambayo sasa ni manispaa, ilitoka watu wapatao 103,000 ikavuka 245,000 katika miaka hiyo kumi. Kila familia iliyoongezeka ilihitaji paa, uwanja na njia ya kufika nyumbani, na kila paa, uwanja na njia huyaacha juu maji ambayo zamani ardhi iliyanywa.

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi wa nyumba. Nimekaa pia kwenye kamati ya mazingira ya mtaa wetu na kuhudhuria vikao vya Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako kila Novemba mpaka Aprili ajenda ya maji hurudi: nyumba iliyojaa tope, njia iliyokatika, majirani wasiosalimiana. Katika kazi hizo mbili nimejifunza jambo ambalo ningependa kila diwani, kila fundi na kila mnunuzi wa kiwanja alijue. Maji ya mvua hudhibitiwa pale yanapoangukia, kabla msingi haujachimbwa, na serikali za mitaa ndizo zenye kalamu ya kulisimamia hilo. Haya ndiyo mafunzo yaliyonifikisha hapo.

1. Kabla ya kuilaumu mvua, itazame ardhi

Kwenye mikutano ya mtaa sentensi ya kwanza huwa "mvua za siku hizi zimezidi". Mabadiliko ya tabianchi ni ya kweli, na msimu wa 2023 hadi 2024 ulituonyesha ukali wake: Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mafuriko na maporomoko. Lakini hata mvua ileile ya miaka yote ikinyesha juu ya ardhi iliyobadilika, maji yanayotiririka huongezeka.

Chukua kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 30. Mvua ya milimita 40, ambayo Katavi inaweza kunyesha alasiri moja, hukimwagia kiwanja hicho lita 24,000. Kilipokuwa pori la miombo, majani yalipunguza nguvu ya matone, matandazo yakayashika maji, mizizi ikayafungulia njia, na kilichotiririka kilikuwa kidogo. Jenga nyumba yenye paa la mita za mraba 150: maji ya paa pekee ni kama lita 6,000, na bati hutiririsha karibu yote. Nyumba 100 za aina hiyo kwenye mteremko mmoja humwaga lita laki sita kutoka kwenye mapaa tu. Hapo sijahesabu viwanja vilivyofagiliwa mpaka vikawa vigumu kama sakafu, wala pevingi za mbele ya maduka, wala lami.

Jambo la pili ni haraka yake. Maji yaliyokuwa yakichukua saa kadhaa kufika bondeni sasa hufika kwa dakika chache, yote kwa pamoja. Ndiyo maana kalavati lililotosha zamani leo hufurika ingawa halijaziba. Aliyelijenga alipima mteremko wenye miti, na mteremko huo haupo tena.

2. Mkondo hausomwi kiangazi peke yake

Katavi tuna msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Viwanja vingi hutafutwa, huoneshwa na huuzwa kiangazi, wakati korongo la msimu ni kijia cha vumbi na mbuga ni uwanja mzuri wa tambarare usio na hata kisiki. Mnunuzi huona ardhi isiyohitaji kusawazishwa. Hajui kwamba maji ndiyo yaliyoisawazisha.

Nimejifunza kuitazama ardhi kwa alama zake. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa pana kiangazi huvimba na kutuamisha maji masika. Matete na mikuyu huonyesha kwamba maji hayako mbali. Mchanga safi uliolala mstari katikati ya udongo mwekundu ni njia ya maji, hata kama hakuna aliyeyaona yakipita. Takataka zilizonasa kwenye uzio kwa kimo cha goti zimeandika kimo cha maji ya mwaka jana.

Kuna kitabu kingine, nacho ni wazee. Siku moja tulikwenda na vijana wa upimaji kwenye eneo la pembezoni ambalo wamiliki wake walitaka kulikata viwanja. Mzee mmoja wa Kikonongo aliyekuwa akilima karibu alitusikiliza, kisha akatuongoza mpaka kwenye bonde jembamba lisilofika hata mita mbili kwenda chini. "Hapa wanangu, ng'ombe huwa hawavuki mwezi wa pili," alisema. Kwenye mchoro wa kwanza sehemu ile ilikuwa na viwanja kadhaa. Mchoro wa mwisho ulikiacha kijito kipite, na njia ya watembea kwa miguu ikawekwa pembeni yake. Wenye eneo walipoteza viwanja vichache. Waliojenga pale wanalala mvua ikinyesha.

Kwa hiyo kabla ya kuchora barabara na viwanja, mchoro wa mipango miji uanze na mistari ya maji. Mkondo uachwe kama nafasi ya wazi ya umma, upewe upana wake, uwekewe vigingi vyake. Ukishakatwa viwanja na kuuzwa, kuurudisha ni kesi, fidia na machozi.

3. Mita 60 zimo kwenye sheria, ila vijito visivyo na jina vinahitaji ulinzi wa nyongeza

Watu wengi wakisikia "mita 60" hudhani ni amri ya afisa mazingira. Ni sheria ya nchi, na si moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mito, mabwawa na fukwe za maziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inavilinda vyanzo vya maji kwa kipimo hichohicho. Nimeona mabishano makali yakipoa mara tu mwenyekiti wa mtaa alipoweza kuitaja sheria kwa jina na mwaka wake. Raia anayeonyeshwa msingi wa amri huisikiliza tofauti na anayefokewa.

Sheria hizo huushika vizuri mto wenye jina na ukingo unaoonekana. Vijito vinavyotiririka wiki chache kwa mwaka, mifereji ya asili kati ya nyumba na mabonde madogo ya kichwani mwa mkondo ndivyo vinavyojazwa kifusi bila mtu kushtuka. Mto hauwezi kulindwa mdomoni kama vidole vyake vyote vimekatwa huko juu. Hapo ndipo nafasi ya halmashauri inapoonekana: kwa mpango wake na sheria ndogo zake, inaweza kuvitambua vijito hivyo, kuviweka kwenye ramani na kuvipa hifadhi ya mita zinazolingana na ukubwa wake. Bunge la Dodoma halikijui kijito cha nyuma ya shule yenu. Baraza la madiwani linakijua.

4. Maji ni yaleyale, ila wenye mamlaka ni wengi

Fuata tone moja kutoka kwenye paa. Likiwa kiwanjani, liko kwenye eneo ambalo kibali chake cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Likivuka geti na kuingia kwenye mtaro wa barabara ya mtaa, liko kwa TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 na kuchukua kazi za barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Likifika barabara kuu au ya mkoa, liko kwa TANROADS. Likipita chini ya reli, linaingia kwenye hifadhi ya Shirika la Reli. Likimwagika mtoni, linasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, yenye makao yake Mbeya. Safari ya kilomita chache, ofisi tano.

Kila mgawanyo una sababu yake. Wakala wa barabara una wahandisi na bajeti ambavyo halmashauri nyingi hazikuwa navyo. Lakini barabara hupangwa kwa urefu na maji hupita kwa mteremko, na pasipo na mtu wa kuvikutanisha, mtaro mzuri huishia mlangoni kwa mtu. Nimeshiriki vikao ambavyo kila mtaalamu alieleza vizuri sehemu yake na sehemu iliyobaki katikati ikakosa mwenyewe.

Kilichotusaidia kilikuwa kidogo na cha kawaida. Badala ya kuandika barua tano kwa ofisi tano, mtendaji wa kata aliandika barua moja yenye nakala kwa wote, akataja siku na mahali pa kukutana, palepale maji yalipokuwa yakikatisha barabara. Wataalamu wakija wakasimama kwenye tope moja, maelewano huja haraka. Yule wa barabara aliona kwamba kalavati lake linapokea maji ya viwanja vipya vilivyopimwa juu. Yule wa mipango miji aliona kwamba mchoro wake haukuonyesha maji yatakapotokea. Siku ile tulikubaliana jambo ambalo lingepaswa kuwa kanuni kila mahali: mchoro wowote mpya wa viwanja usiidhinishwe kabla mhandisi wa barabara wa wilaya hajaonyeshwa maji yatapita wapi, na hakuna mtaro mpya wa barabara utakaojengwa kabla afisa mipango miji hajaonyesha mwisho wake.

5. Kibali cha ujenzi ndio mlango wenyewe

Nimeona juhudi nyingi zikielekezwa kwenye mitaro mikubwa ya zege. Inahitajika, nami naiombea fedha. Mpanda ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyonufaika na Mpango wa Kuimarisha Serikali za Mitaa Mijini uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na imo kwenye miji 45 ya mradi wa TACTIC uliofuata. Lakini mtaro mkubwa unaojengwa bila kugusa kinachotoka viwanjani huzidiwa tena mji ukiongezeka. Fedha zinakwenda chini ya mteremko, tatizo linazaliwa juu.

Singapore ililitambua jambo hili. Tangu Januari 2014, anayeendeleza eneo la hekta 0.2 au zaidi huko lazima aweke njia za kuyachelewesha maji ya mvua ndani ya eneo lake kabla ya kuyaachia mtaro wa umma. Nchi ile ina fedha kuliko sisi, ila kanuni yenyewe haihitaji utajiri. Inasema tu kwamba anayeongeza maji abebe sehemu ya mzigo wake. Hekta 0.2 ni mita za mraba 2,000, ukubwa wa kituo cha mafuta, ghala la mpunga, nyumba ya wageni yenye maegesho, au uwanja wa kanisa au msikiti uliowekwa pevingi. Hao wanaweza kuchimba bwawa dogo la kupokea maji, kuacha ukanda wa nyasi ulioshuka chini kidogo kuliko uwanja, au kujenga tangi chini ya maegesho.

Kwa nyumba ya kawaida, nataka maswali manne tu kwenye fomu ya kibali. Maji ya paa yataingia wapi? Yakizidi hapo, yatatoka kiwanjani upande gani? Sehemu gani ya kiwanja itabaki na udongo au nyasi? Je, kuna mkondo wa asili unaopita hapa? Mchoraji wa ramani huyajibu kwa dakika chache. Mjenzi huyatekeleza kwa gharama ndogo wakati fundi yuko kazini na udongo umeshafunguliwa. Nyumba ikishasimama na uwanja ukishasakafiwa, majibu yaleyale hugharimu kubomoa.

Nimeyaweka kwenye kila nyumba ninayoisimamia, na nimeona faida ambayo mwenye nyumba huiona kabla ya jirani. Gata na tangi la lita 5,000 humpa maji ya kufulia na kumwagilia masika yote. Msingi usiolowa hauoti nyufa mapema. Ukuta wa tofali za kuchoma usiorushiwa matope haubanduki chokaa yake.

6. Udongo una sauti kwenye sheria

Mtu akisoma kwenye kitabu kwamba dawa ni "shimo la kunyonya maji", anaweza kuliandika kwenye sheria ndogo kwa mji mzima. Hapa kwetu sheria hiyo ingefanya kazi mtaa mmoja na kushindwa mtaa wa pili. Kwenye udongo mwekundu wa miinuko, shimo la mita moja na nusu lililojazwa mawe hunywa maji vizuri. Kwenye mbuga ya udongo mweusi, shimo hilohilo hubaki limejaa na kuzalisha mbu, kama yanavyofanya mashimo ya kufyatulia tofali yaliyoachwa wazi.

Kipimo chake ni rahisi, nami huwafundisha mafundi wangu. Chimba shimo dogo mahali unapokusudia, lijaze maji mara mbili, na baada ya mara ya pili ulitazame asubuhi. Yakiwa yametoweka, chimba. Yakiwa yamebaki, usichimbe. Tumia tangi, au mfereji wa nyasi unaoyapeleka taratibu kwenye mkondo. Shimo likae mbali na msingi, mbali na choo, na liwe upande wa chini wa nyumba. Sheria nzuri itaje matokeo inayoyataka, yaani maji yasitoke kiwanjani kwa kasi, kisha iache njia ichaguliwe kulingana na udongo.

7. Sheria ndogo isiyowasikia wanaojenga kidogokidogo haitatekelezeka

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na zinaipa njia ya kufuata: kutangaza kusudio, kupokea maoni ya wananchi, kupitisha kwenye baraza la madiwani, kupata idhini ya waziri na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Watu huiona hatua ya maoni kama kero ya makaratasi. Mimi nimeiona ikiokoa wazo.

Tulipojadili mtaani pendekezo la kila nyumba kuwa na gata na simtanki, mama mmoja anayeuza maandazi alisimama.

"Mwenyekiti, mimi najenga kwa fedha za kikoba. Chumba kimoja mwaka huu, kingine Mungu akijalia mwakani. Mkiniambia nianze na simtanki, mmeniambia nisijenge."

Ukumbi ulimpigia makofi. Kisha fundi mmoja mtu mzima akamjibu kwa upole: "Mama, kwako wewe hatusemi tangi. Acha ukanda wa nyasi upande wa chini, piga tuta dogo, usizibe njia ya maji ya jirani. Hayo yanataka jembe, hayataki duka."

Mazungumzo hayo yakazaa mgawanyo ambao naona ni wa haki. Nyumba ndogo itakiwe mambo yanayofanyika kwa jembe na mawe. Nyumba kubwa na majengo ya biashara yatakiwe gata, tangi na mchoro. Wanaokata viwanja vingi kwa pamoja watakiwe mitaro na mikondo kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza. Mzigo upande kadiri maji yanavyopanda.

Na faini isigeuzwe chanzo cha mapato. Mtaa ukiona faini inakusanywa na kalavati halizibuliwi, sheria imekufa. Ningependa iandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe kwamba fedha hizo zitarudi kwenye mitaro ya kata ileile, na taarifa yake ibandikwe ofisi ya mtaa.

8. Tope la ujenzi lina safari ndefu

Mtu akisema maji ya mvua, tunafikiria mafuriko. Tope linalosafiri na maji hayo hufanya uharibifu wake kimya kwa miaka mingi. Kiwanja kilichokwanguliwa na greda mwezi wa kumi na kuachwa wazi hupoteza udongo wake kwa mvua za kwanza tu. Rundo la mchanga lililomwagwa ukingoni mwa barabara huishia kwenye kalavati. Moramu iliyomwagwa bila kushindiliwa huondoka.

Linakwenda wapi? Karibu na mji liko Bwawa la Milala, lenye viboko wake, ambalo kina chake hupungua kadiri tope linavyoingia. Mto Katuma hupita kwenye mashamba ya mpunga, ukashuka Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako viboko husongamana kwenye madimbwi ya mwisho kila kiangazi. Maji yanayovuka hifadhi huendelea hadi Ziwa Rukwa, na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Chochote tunachokiachia huku juu hukaa kule. Mkulima wa mpunga, askari wa hifadhi na mvuvi wa Rukwa wote wana hoja kwenye kibali cha ujenzi cha Mpanda, ingawa hawataitwa kikaoni.

Kanuni za tope ni nafuu kuliko zote. Usikwangue eneo lote kwa mkupuo; kwangua unapojenga. Kazi kubwa ya udongo ifanyike baada ya mvua kukatika, si wiki chache kabla hazijaanza. Mchanga na kifusi vikae ndani ya kiwanja. Upande wa chini acha nyasi zilizoota zenyewe, au weka mstari wa mawe. Ningependa mkaguzi wa ujenzi apite Oktoba kuangalia mambo haya manne tu.

9. Jirani wa chini ana haki, na haki yake inahitaji kumbukumbu

Ugomvi mkubwa niliowahi kuushuhudia wa maji ulianza na ukuta. Mmiliki mmoja wa eneo la biashara alijaza kifusi kwenye kijito, akapandisha uwanja wake na kujenga uzio wa tofali. Maji yakageukia nyumba tatu za chini. Walipolalamika, jibu lilikuwa kwamba pale hapajawahi kuwa na mkondo. Mmoja wa wale wa chini, mwalimu mstaafu, alikuwa na daftari na simu yenye picha za misimu iliyopita, tarehe zikionekana. Mkondo ulikuwa wazi kwenye picha, watoto wakivuka juu ya gogo. Mazungumzo yalibadilika papo hapo, na mwishowe yule mmiliki akakubali kuweka bomba pana chini ya uwanja wake.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkondo wa maji ni mali ya mtaa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata husuluhisha migogoro ya ardhi na haliamui kesi. Hilo linaufanya ushahidi wa mapema kuwa na thamani zaidi, maana usuluhishi hufanikiwa pale pande zote zinapoona ukweli uleule. Kila ofisi ya mtaa iwe na daftari la maji: mvua kubwa ilinyesha lini, maji yalipita wapi, yalifika kimo gani, picha ziko kwenye simu ya nani. Daftari hilo litamsaidia mpima, mhandisi, msuluhishi, na yule anayetaka kununua kiwanja kwa uaminifu.

10. Dar es Salaam imeshatuonyesha gharama ya kuchelewa

Desemba 2011 mvua kubwa zilijaza Bonde la Msimbazi. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha jijini, na Serikali ikalazimika kuwahamishia waathirika wengi Mabwepande. Bonde lile lilikuwa limejulikana kuwa la hatari miaka mingi, lakini nyumba zilikuwa zimeshasimama, watoto wameshazaliwa, maisha yameshajengeka. Leo mradi wa kuliendeleza bonde hilo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, unahusisha mamia ya mabilioni ya shilingi, fidia, na daraja jipya la Jangwani. Hizo ni fedha za kurudisha nafasi ambayo mwanzoni ilikuwa bure.

Mpanda bado ina nafasi hiyo. Vijito vyetu vingi bado vina kingo, miteremko mingi ya pembezoni bado haijapimwa, na wanaojua maji yanapita wapi bado wako hai na wanaongea. Faida hii ina muda wake, kwa kuwa mji ulioongezeka zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi hautasubiri.

Kwa hiyo naliomba baraza la madiwani mambo matatu kabla ya msimu ujao. Kwanza, mikondo ya msimu ya kila kata ipitiwe na wazee, watendaji na wapima pamoja, iingizwe kwenye ramani na kuwekewa vigingi. Pili, maswali manne ya maji yaongezwe kwenye fomu ya kibali cha ujenzi, na pasitolewe kibali bila majibu. Tatu, mchakato wa sheria ndogo ya maji ya mvua uanze, wenye viwango tofauti kwa mjenzi mdogo, jengo la biashara na mkata viwanja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri mfadhili. Yanataka kikao, ramani na nia, na vyote hivyo Mpanda tunavyo.